Betri Nne za Melkiadi

Maji yaliyotiwa dawa siyanywi. Kila kipindupindu kinapoingia mjini, na huku kwetu Kigoma kinaingia kama mgeni aliyezoea nyumba, mkwe wangu hutia dawa kwenye ndoo kisha ananiletea kikombe. Namwambia anichemshie yangu pembeni. Anadhani ni ukaidi wa uzee. Juzi alikisogeza kikombe mpaka puani, "Mama, onja tu, hata harufu haisikiki." Niliinuka nikatoka, nikakaa nyuma ya jiko mpaka moyo ukatulia. Harufu ile mimi naisikia hata likiwa tone moja kwenye pipa zima. Niliivuta mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa hivi, na siku hiyo haikutoka kwenye dawa yoyote. Niliifanya kwa mikono yangu.

Nawaandikia ninyi wa rika langu, mliopanga foleni ya sabuni na mama zenu. Vijana nikiwaeleza watacheka, watasema, bibi, si mngenunua sola.

Tuliishi kijiji cha ufukweni, kaskazini ya Kibirizi, mahali milima inaposhuka hadi majini na barabara haipo. Kwenda mjini ni mtumbwi. Baba alikuwa na mitumbwi miwili ya dagaa. Mnajua dagaa wa ziwa letu: bila mwanga hawapandi juu. Siku za giza wavuvi wanawasha karabai, dagaa wanakuja wenyewe kwenye mwanga kama wameitwa. Mbalamwezi ikitoka, watu wanapumzika na kushona nyavu. Sasa mwaka ule mafuta ya taa yakakosekana. Sisemi yalipanda bei, nasema yalikosekana. Karabai za baba zikaning'inia ukutani, mitumbwi ikalala mchangani mpaka mbao zikaanza kuachana kwa jua. Tulikula muhogo na kisamvu, kesho yake kisamvu na muhogo.

Hapo ndipo Melkiadi alipojitokeza.

Alikuwa Mrundi, mmoja wa wale waliovuka na vita ya kwao. Wenzake wengi walikwishapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi, mbali huko bara. Yeye alibaki kijijini akiwalimia watu kwa chakula, analala kwenye kibanda cha nyavu cha baba. Mrefu, mwembamba, shati lake moja analifua jioni na kulivaa asubuhi. Kwao alichunga ng'ombe, halafu akafanya kazi kwenye gereji ya mapadre, na huko akajifunza mambo ya magari. Siku moja alimfuata baba pale mchangani akasalimia, akasema kwa Kiswahili chake kilichojaa Kirundi, "Mzee Rashidi, mimi ninaweza kukupa mwanga bila mafuta."

Baba akamtazama. "Utautoa wapi? Mfukoni?"

"Kwenye mto."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mto wenyewe ulikuwa kijito kinachoporomoka kutoka milimani, tulichofulia nguo. Lakini baba alikuwa mtu wa mitumbwi miwili na watoto sita, na mtu wa namna hiyo husikiliza hata maneno ya kuchekesha. Akaenda naye kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akatoa hukumu yake mbele ya watu wote: "Huyu hana ruhusa ya kukaa hapa, mnajua hivyo na mimi najua. Akituletea mwanga, nitamwandikia barua mimi mwenyewe, apewe kiwanja, awe mtu wetu. Akishindwa, boti ijayo anakwenda makazini na wenzake." Melkiadi akashukuru kama aliyekwisha kupewa kiwanja.

Kazi ilichukua karibu msimu mzima. Dainamo ilitoka kwenye lori bovu mjini. Betri zilikuwa nne, kuukuu, kubwa za lori, za kujazwa umeme mtoni na kubebwa mitumbwini usiku, na wenye mitumbwi walichanga kuzinunua. Kila mtu alitoa alichonacho, mwingine kabati, mwingine baiskeli. Melkiadi alipasua pipa la mafuta, akakata mapanga ya bati, akayapigilia kwenye gurudumu la mbao lenye kimo cha mtu. Maji aliyaleta kwa mifereji ya magogo ya michikichi yaliyochongwa katikati. Gurudumu la maji lilizungusha ringi ya baiskeli, ringi ikazungusha dainamo kwa mkanda wa mpira wa ndani wa tairi. Grisi haikuwepo, kwa hiyo ekseli alikuwa anaipaka mawese. Mashine nzima ilinuka kama chungu cha mboga.

Wanawake waliokuja kufua hawakumwacha.

"Melkiadi, linakoboa mahindi hilo au linakoboa hewa?"

"Mwacheni, anamtengenezea mkewe kinu."

"Mke gani? Nani atamkubali mwenye shati moja?"

"Taa zikiwaka mtanigombania," anajibu, huku akikaza waya. "Nitawapangia foleni kama ya sabuni."

Mimi nilikuwa msaidizi wake, kwa kujipachika tu. Shule nilikwenda siku nilizotaka. Aliniita mwana wanje, mtoto wangu, na alikuwa mtu mzima wa kwanza kunijibu swali bila kunifukuza. Kazi yangu ilikuwa kuleta maji ya mvua, yaliyokingwa kwenye sufuria safi, maana betri hazitiwi maji ya ziwa wala ya mto. Kila betri ina matundu sita yenye vizibo. Anafungua kizibo, anachungulia, anamimina kidogo kwa kikombe cha bati, anafunga. Mimi nachungulia naye. Ndani mna giza na bati zimepangwa kama meno.

"Kwa nini zinakunywa?" nilimuuliza.

Naye akanijibu maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka jinsi alivyoyasema, amechuchumaa, kikombe mkononi. "Betri ni ng'ombe, mwana wanje. Ukimlisha atakupa. Usipomlisha utakamua mpaka vidole vife, hutaona kitu."

Mtu mzima angejua kwamba anafananisha. Mimi nilikuwa na babu, baba yake mama, aliyefuga ng'ombe huko juu upande wa Kasulu, na likizo zangu nilizimaliza kwake. Niliwajua ng'ombe wanavyolishwa. Kila baada ya siku kadhaa babu alikoroga chumvi ya Uvinza na maji kwenye birika la udongo, akawaita kwa majina, na wale ng'ombe walikuja mbio wakisukumana. Babu alisema ng'ombe asiyepewa chumvi maziwa yake ni ya kuosha mikono. Na kweli, kesho yake kibuyu kilikuwa kinajaa mapema. Kwa Waha, kabila la babu, hilo halina mjadala, hata mtoto analijua.

Gurudumu lilizunguka. Siku ya kwanza taa ya mbele ya lori, iliyofungwa kwenye kijiti, ilipowaka mchana kweupe, wale wanawake waliacha nguo zao zikachukuliwa na maji. Mwenyekiti aliuweka mkono mbele ya taa akautazama. Lakini mwanga ulikuwa mwekundu, umechoka. Melkiadi alisema betri ni za zamani, zinahitaji kujazwa pole pole, siku nyingi. Siku za giza zilikuwa zimekaribia, zimebaki siku nne mitumbwi iingie ziwani. Nikamsikia baba akimwambia mama, "Zikiwaka hivi, dagaa wataona kama kiberiti. Itabidi huyu bwana aende zake." Mama akasema masikini, na akaendelea kumenya muhogo.

Mimi sikulala vizuri. Niliwaza: Melkiadi anawapa maji tu. Amesema mwenyewe ni ng'ombe, na anawapa maji matupu. Labda kwa sababu hana chumvi. Mtu mwenye shati moja chumvi ataipata wapi? Na ana aibu ya kuomba.

Kesho yake mchana watu wote walikuwa mchangani wakitengeneza mitumbwi, na Melkiadi amepanda juu kurekebisha mfereji. Nilichukua kibuyu cha chumvi cha mama, kilichojaa nusu. Kwenye kibanda cha mashine nikafungua vizibo vyote ishirini na vinne, nikavipanga kwa mstari ili nisivichanganye, na nikatia chumvi kila tundu kwa ncha za vidole, sawa kwa sawa, nisije nikampendelea mmoja. Iliyobaki nikaigawa tena mpaka kibuyu kikaisha. Nikafunga. Nikazipapasa zile betri mgongoni, moja moja, kama babu alivyofanya. Nilikuwa na furaha, siwezi kuwaficha. Nilijiona nimemnunulia Melkiadi kiwanja.

Jioni mama akauliza, "Chumvi yangu iko wapi?"

"Imemwagika."

"Yote?"

"Niliangusha kibuyu."

Nikapigwa makofi mawili na habari ikaishia hapo. Nilisema uongo kwa sababu nilitaka iwe siri mpaka taa ziwake kama jua, ndipo nijitokeze.

Melkiadi aliona mwanga bado hafifu, akafungua mfereji zaidi gurudumu likimbie. Usiku kucha lilikimbia. Asubuhi nilipokwenda nilikuta amesimama nje ya kibanda, macho mekundu, anakohoa. Nikaingia nami. Ile harufu ya dawa ya maji ilinishika koo kama mkono. Machozi yakanitoka, kifua kikabana. Juu ya betri povu lilikuwa limetoka kwenye vizibo, na ndani mlikuwa mnachemka kwa sauti ndogo. Aliniburuta nje kwa ukosi wa gauni.

"Nimeziunguza," alisema. Hakusema na mimi. "Nimezipa umeme mwingi mno. Mungu wangu, nimeziunguza."

Nilitakiwa kusema pale pale. Nilikuwa nimeelewa. Wengine husema mtoto haelewi. Mimi nilielewa kabla sijamaliza kukohoa. Lakini nikajiambia ngoja kwanza, labda zitapona.

Hazikupona. Usiku wa kwanza wa giza mitumbwi ilitoka na betri zote nne, na kabla hawajafika pale wanapotegea taa zikafifia na kuzima. Walipiga kasia kurudi wakiitana kwa sauti ili wasigongane. Asubuhi wenye mitumbwi walikaa chini mbele ya nyumba yetu, na hakuna aliyekuwa anacheka. Yule aliyetoa baiskeli alikuwa amekaa ameshika kichwa. Mwingine alisema Mrundi amefanya makusudi, ametumwa. Mwingine akasema hakutumwa, ni mwongo tu, gereji yenyewe hakuwahi kuiona.

Mwenyekiti akamwita Melkiadi katikati. "Nani anagusa hizi betri?"

"Mimi peke yangu."

"Hakuna mwingine?"

Melkiadi akasita. Nadhani alikuwa anajaribu kukumbuka kwa haki, siyo kunisingizia. "Mtoto wa Mzee Rashidi ananiletea maji. Maji ya mvua tu."

Wakageuka wote. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimemshika mama kanga.

"We mtoto, njoo," mwenyekiti akasema. "Usiogope. Ulimletea nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya mvua."

"Na kitu kingine?"

Mama alikuwa nyuma yangu. Nilihisi kanga yake imetulia, kama aliyeacha kupumua. Labda alikuwa amekumbuka kibuyu, labda hapana. Yeye ametangulia, sitamtwisha lisilo lake. Nikafungua mdomo, na kabla sijasema lolote baba akasema, "Muulizeni mengine. Mwanangu hasemi uongo."

Baba hakuwahi kunisifu kabla ya siku hiyo. Nikatikisa kichwa kwamba hapana, hakuna kitu kingine.

Melkiadi alinitazama, akatabasamu kidogo, kama anayenishukuru kwa kumtolea ushahidi. Kisha akawaambia, "Mtoto hana kosa. Nilifungulia maji mengi kwa haraka zangu. Ni mimi."

Boti ilikuja siku ya tatu. Alikuwa na kifurushi kimoja na shati lake moja. Wanawake wale wale waliokuwa wakimtania walimpelekea muhogo wa kuchoma wa njiani, na mmoja alilia. Mimi nilijificha nyuma ya mitumbwi. Nilimsikia akiuliza, "Mwana wanje yuko wapi?" na baba akijibu, "Anaumwa tumbo." Ilikuwa kweli.

Gurudumu lilizunguka bure kwa wiki kadhaa mpaka mkanda ukakatika. Mafuta yalirudi, karabai zikawashwa, watu wakasahau. Ninaweza kusema nilikuwa mtoto. Na nilikuwa mtoto, sawa. Lakini baadaye nilikuwa na miaka kumi na tano, na sikusema. Niliolewa, nikahamia Buzebazeba, nikaanza biashara ya dagaa Kibirizi, na nilijua yale makazi yako wapi, kuna wafanyabiashara waliokwenda huko kila mwezi. Sikumtuma mtu hata salamu. Baba alikufa akiamini alichosema juu yangu. Kila hatua nilikuwa mkubwa zaidi na kila hatua nilikuwa na sababu.

Kisha ikafika wakati Warundi wale wa zamani wakaanza kurudi kwao. Walishushwa hapa Kigoma na mizigo yao, kuku, milango ya nyumba, mabati waliyobandua, wakisubiri safari ya mwisho kwenda kwao. Nilikwenda bandarini kuwauzia dagaa wa njiani. Nilikuwa na miaka arobaini na ushee, nina wajukuu wawili tayari.

Mzee mmoja aliyekaa juu ya gunia alinitazama muda mrefu. Akasema, "Mama, samahani. Wewe una uso wa Mzee Rashidi wa dagaa."

Nilimjua kabla hajamaliza jina la baba. Nywele nyeupe, meno hayapo, urefu ni ule ule. Nikamwambia shikamoo. Nikamwambia ndiyo, mimi ni binti yake.

"Mwana wanje!" Akataka kusimama, magoti yakakataa. Nikachuchumaa. "Mzee hajambo?"

"Alishafariki."

Akashika fimbo yake kwa mikono miwili. "Basi nimechelewa. Nilitaka kumwona. Nilikuwa na neno lake miaka yote."

"Neno gani?"

"Zile betri. Niliwapotezea watu mali yao. Walikuwa na njaa, wakaniamini, na mimi nikaharakisha kwa sababu nilikitamani kile kiwanja. Tamaa yangu." Aliyasema bila kulalamika, kama mtu anayesoma kitu alichokwisha kukikariri. "Kule makazini waliniletea redio, dainamo, waliposikia nilifanya gereji. Nikawaambia sijui. Wanangu waliniomba niwafundishe. Nikawaambia sijui. Sikugusa waya tena, mama. Niliogopa mkono wangu."

Maneno nilikuwa nayo. Yalikuwa machache: nilitia chumvi. Mtu yeyote anaweza kuyasema kwa pumzi moja. Hakukuwa na mwenyekiti, hakukuwa na baba, hakukuwa na mtu wa kunipiga. Palikuwa na mimi na yeye na beseni la dagaa. Niliitazama mikono yake, na nikawaza nikimwambia sasa, ataondoka akijua kwamba miaka yote ile aliiogopa bure. Nikajiambia ni huruma. Haikuwa huruma. Nilikuwa bado nataka aniite mwana wanje.

Wakaanza kuita majina. Mwanawe mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, akaja kumchukulia gunia. Mzee akanishika mkono. "Wewe ndiye niliyempata wa nyumba ile. Nisamehe wewe, kwa niaba yake."

Nikasema, "Yameshapita, mzee. Tumekusamehe."

Akainamisha kichwa, akasema asante, akarudia tena asante, na mwanawe naye akanishukuru kwa heshima, kwamba baba yao sasa atakwenda na moyo mweupe. Nikawafungia dagaa, nikakataa fedha yao. Wakaenda. Nami nikabaki nimesimama pale bandarini, mtu aliyemsamehe Melkiadi.